Blanketi Si Hotuba

Nchi yetu ipo, ila sitaitaja. Mtu wa mwisho kuitaja kwenye maandishi aliletewa fomu aeleze alikuwa na maana gani, na mpaka leo anaijaza. Itoshe kusema ina bendera, ina wimbo, ina mito mitatu, na ina Wizara ya Shida na Fursa, ambako mimi, Kasiani Mbilo, ni Msajili wa Shida Daraja la Tatu katika Kata ya Mtokeo. Kiti changu cha ofisini kina miguu yote minne. Kwa mtu wa cheo changu, hilo si jambo dogo.

Watu hupenda kuuliza wajasiriamali wanatoa wapi mawazo yao. Wengine wameandika vitabu juu ya swali hilo bila hata kupita ofisini kwangu. Majibu yote ninayo mimi, kabatini, nakala tatu tatu, yamegongwa mhuri.

Zamani watu walikuwa wanapata mawazo kiholela. Mtu anakwenda kisimani, anapata wazo. Anaoga, anapata wazo. Serikali haina taarifa. Hali hiyo ilikoma siku Mheshimiwa Daktari Injinia Balthazari Mtungwe aliporudi kutoka kwenye semina ya siku saba nje ya nchi, akahutubia taifa palepale uwanja wa ndege, begi likiwa bado mkononi.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimefundishwa huko kwamba kila biashara duniani ilianza na shida ya mtu. Nikajiuliza, je, kuna nchi yenye shida kutuzidi sisi? Nikatafuta kwenye ramani. Hakuna. Ndugu zangu, tumelala juu ya utajiri, na kwa miaka yote hii tulikuwa tunauonea haya."

Watu walipiga makofi. Waliokuwa nyuma hawakusikia neno, lakini nao walipiga, na ndio waliochelewa kuacha.

Mwezi haukuisha, Wizara ikaundwa, naye akawa Waziri wake. Tukaanza kuhesabu shida. Kata ya Mtokeo peke yake ilitoa mia sita na kumi na moja. Kata jirani ilipata mia tatu na arobaini, na diwani wao akaenda makao makuu kulalamika kwamba wamependelewa wengine. Akaahidiwa kuongezewa.

Kwa kuwa shida sasa ilikuwa malighafi ya taifa, ilibidi ilindwe. Ikatungwa Sheria ya Uhifadhi wa Shida. Mtu anayeondoa shida bila leseni anaitwa jangili, sawa na yule anayeua tembo. Kwetu alikamatwa Fundi Hamduni, ambaye aliitengeneza pampu ya kisima cha sokoni kwa kipande cha tairi. Maji yalitoka siku mbili nzima. Fundi alipewa miezi sita, na pampu ikarudishwa katika hali yake ya asili na mtaalamu kutoka makao makuu, aliyekuja na vyombo vyake.

Shida zilizo bora hazikuachwa hivi hivi. Ziligawiwa kwa Waatamiaji. Mwatamiaji ni mtu mwenye sifa anayeikalia shida mpaka iangue wazo. Sifa zenyewe hazikuandikwa popote, ila nimegundua kwamba wote waliozipata walikuwa wakila sikukuu nyumbani kwa Waziri.

Shida Namba 412, iliyoandikwa "Daraja Kutokuwepo, Mto Nyangwa", ilipewa Bwana Edgari Kilimbo, mpwa wa Waziri, kijana wa miaka ishirini na sita ambaye mto huo hajawahi kuuona. Daraja letu lilichukuliwa na maji zamani kidogo, na hospitali iko ng'ambo, na soko kubwa liko ng'ambo, na maduka ya vitambaa yako ng'ambo. Ni shida nono. Bwana Edgari aliiatamia miaka minne akiwa mji mkuu. Kila mwaka niliandika katika taarifa yangu: "Joto linaendelea vizuri."

Wananchi wa kawaida, wasio na shida za kuatamia, waliandaliwa Mafunzo ya Kupata Wazo. Waliletwa watu arobaini kwenye ukumbi wa kata, na mwezeshaji akawaambia wafumbe macho waione shida. Ilikuwa saa saba mchana. Wengi waliona wali. Mama mmoja akafumbua macho akasema yeye atafuga kuku, basi wenzake thelathini na tisa, kwa kuogopa kuonekana watupu, nao wakasema kuku. Leo Mtokeo ina wafugaji arobaini wa kuku na hakuna wa kumuuzia kuku. Hiyo niliisajili kama Shida Namba 612, na tayari ina mwatamiaji.

Lakini nilitaka kueleza kuhusu fomu. Fomu ya Usajili wa Wazo ina maswali tisa. Sita ya kwanza ni ya kawaida, jina na makazi na mambo kama hayo. Swali la saba ndilo moyo wa fomu: "Wazo hili lilikujia ukisikiliza hotuba ipi ya Mheshimiwa Waziri? Taja tarehe na mahali." Wizara ilikuwa imefanya utafiti ikabaini kwamba mawazo yote mazuri hutokana na hotuba. Matokeo ya kabati langu yanathibitisha hivyo. Fomu mia mbili na kumi na nne, hotuba mia mbili na kumi na nne. Mwombaji mmoja alitaja tarehe ambayo Mheshimiwa alikuwa na mafua na hakuzungumza kabisa. Naye alikubaliwa, kwa maelezo kwamba kikohozi cha Mheshimiwa pia kina ujumbe.

Ndipo akaja Mama Tunu.

Jina lake Siwema Mlekwa, lakini Mtokeo nzima tunamwita kwa jina la binti yake. Ni dobi. Amefua nguo za kata hii tangu nikiwa shule ya msingi, na alinifulia hata suruali niliyovaa siku ya usaili wa kazi hii. Hana mume. Ana Tunu tu, na Tunu wakati huo alikuwa na mimba ya miezi sita.

Sikuletewa fomu kwanza. Nililetewa habari kwamba watu wanavuka mto angani.

Nilikwenda kukagua. Mama Tunu alikuwa ameuchukua waya wa lile daraja la zamani, akaufunga kutoka ukingo wetu ulio juu mpaka ukingo wa pili ulio chini, akatundika sanduku la mbao kwa magurudumu mawili ya cherehani mbovu. Unakaa, unateleza mpaka ng'ambo. Kurudi, unavutwa kwa kamba. Kwa siku tisa alikuwa amevusha watu thelathini na mmoja na mbuzi mmoja, na hakuna aliyelowa. Nilivuka mwenyewe. Kisha nikavuka tena, kwa ajili ya uhakiki.

Nilipenda, sitaficha. Nikamwambia aje ofisini tusajili haraka kabla hajaitwa jangili. Akaja siku hiyo hiyo, mikono bado ina povu.

"Mama Tunu," nikasema, "wazo hili umelitoa wapi?"

"Kwenye blanketi, mwanangu."

Nikaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba alikuwa amefua mablanketi ya shule ya bweni. La kwanza alilitundika kwa kulabu kwenye waya wa kuanikia, upande wa juu, na kabla hajageuka likateleza lenyewe mpaka nguzo ya chini, na maji yake yote.

"Blanketi bichi zito kuliko Tunu," alisema. "Nikaona kama blanketi linafika, na Tunu atafika. Mkunga amempima, anasema mtoto amekaa vibaya, lazima akajifungulie hospitali. Na mwezi wake ni wa nne, masika yenyewe. Wewe unaujua mto huu mwezi wa nne."

"Naujua, mama. Lakini kabla blanketi halijateleza, ulikuwa unasikiliza hotuba gani?"

"Nilikuwa namsikiliza Tunu anatapika."

"Redioni hakukuwa na Mheshimiwa?"

"Redio haikuwa na betri."

Nikamweleza kwa upole kwamba blanketi si hotuba. Nikamwambia aandike tarehe yoyote, maana wote wanaandika, na Mheshimiwa huzungumza karibu kila siku, hawezi kukosea. Aliniangalia kama anavyoangalia doa ambalo hajaamua aliondoe kwa sabuni gani.

"Nimsingizie mtu mzima maneno ya blanketi?" akasema. "Hapana, mwanangu. Andika lilivyo."

Nikaandika lilivyo. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikujaza mwenyewe akishaondoka. Kalamu nilikuwa nayo.

Jibu kutoka makao makuu lilikuja baada ya siku kumi na mbili, kasi ambayo haijawahi kutokea. Barua ilisema kwamba wazo lisilo na hotuba ni wazo lisilo na mzazi. Ilisema pia kwamba Shida Namba 412 ina mwenyewe, na kwamba tangu sanduku lianze, malalamiko ya kushindwa kuvuka Mto Nyangwa yameshuka kutoka tisini kwa wiki hadi sifuri, jambo ambalo ni uharibifu mkubwa wa malighafi. Kwa hiyo shida irudishwe katika hali yake ya asili ndani ya siku mbili, na sanduku lipelekwe makao makuu kama kielelezo. Mwishoni, kwa huruma, iliongeza kwamba mhusika hatashtakiwa kwa kuwa ni mara yake ya kwanza kupata wazo.

Nilisimamia kazi hiyo mimi. Mgambo walikata waya. Mama Tunu aliikunja kamba mwenyewe, mikunjo sawa sawa kama shuka, akamkabidhi mgambo.

"Na Tunu?" akaniuliza.

Nikamwambia mtumbwi wa Mzee Shambe, unaovusha watu wachache wachache, upo. Ulikuwepo kweli.

Mwezi wa nne mvua ilishuka, mto ukajaa, na barua nyingine ikaja. Shida Namba 412 ilikuwa imeangua. Baada ya miaka minne ya joto, Bwana Edgari alikuwa amepata wazo, na Waziri mwenyewe atakuja kulizindua mtoni, tarehe kumi na nne, saa tatu asubuhi.

Mtokeo haikuwahi kuona sherehe ya namna ile. Yalisimamishwa mahema matatu. Viti mia mbili vilivikwa vitambaa vyeupe, na vitambaa hivyo alivifua Mama Tunu, kwa sababu hatuna dobi mwingine. Maofisa wa itifaki walikagua mto wakaona kuna kasoro: mtumbwi wa Mzee Shambe ulikuwa unavusha watu. Mkubwa wao akasema televisheni inakuja, na kwenye televisheni mto lazima uonekane hauvukiki. Mtumbwi ukavutwa nchi kavu, ukapinduliwa kando ya jukwaa, ukawekewa kibao: MFANO WA SHIDA.

Kando ya mtumbwi, juu ya meza, likawekwa sanduku la mbao limefungwa utepe. Nililitambua. Ukingo wake mmoja bado ulikuwa na alama ya kwato za mbuzi.

Tunu alianza uchungu alfajiri ya siku hiyo. Saa tatu walimleta mtoni kwenye kitanda cha kamba, wanawake wanne, Mama Tunu mbele. Mto uko pale, mtumbwi uko pale, sanduku liko pale, na kati yao ipo kamba nyekundu ya itifaki. Wakamlaza nyuma ya safu ya mwisho ya viti. Waziri alikuwa ndiyo kwanza anasafisha koo.

"Shida isidharauliwe," alianza. "Shida ni kama mtoto. Inataka kulelewa, inataka kubembelezwa, inataka kupewa muda."

Mama Tunu alinitafuta kwenye umati akanipata. Hakunishika wala hakulia.

"Mwanangu, niombee ule mtumbwi. Tukivuka tu, watu wa hospitali watampokea."

Nilikwenda kwa mkubwa wa itifaki, nikamnong'oneza. Alinijibu bila kugeuka.

"Mheshimiwa yuko ukurasa wa tano."

"Ina kurasa ngapi, bwana mkubwa?"

"Arobaini."

"Kuna mzazi pale nyuma. Hali yake mbaya."

"Mtumbwi uko kwenye picha, ndugu Msajili. Ukiondoka, hotuba nzima haina maana. Subiri."

Naandika jambo hili kwa kuwa naandika kila kitu: nilisubiri. Nilikuwa na miguu, kamba nyekundu ilinifika magotini, na watu zaidi ya mia walikuwa wa kata yangu, wangenisaidia kuugeuza mtumbwi ule kwa pumzi moja. Nilisimama nimekunja mikono mbele kama wanavyosimama maofisa. Nilirudi kwa Mama Tunu mara mbili kumwambia ukurasa. Wa kumi na nne. Wa ishirini na sita.

Ukurasa wa thelathini na moja Bwana Edgari aliitwa jukwaani aeleze wazo lake lilivyokuja. Alivaa suti ya rangi ya maziwa na viatu ambavyo matope yalikuwa yameshavipata.

"Nilikuwa nimekaa namsikiliza Mheshimiwa," alisema, "ghafla nikaona, kama kwenye ndoto, sanduku linateleza juu ya maji. Nikasema, aa, kumbe inawezekana."

Akaeleza kwamba sanduku litafungwa katika awamu ya tatu. Awamu ya kwanza ni kuunda kamati. Ya pili ni kamati kusafiri. Makofi yakapigwa.

Ndipo nyuma kule Mama Tunu akalia. Hakulia kwa sauti kubwa, lakini mto ulikuwa umetulia kidogo wakati huo, kila mtu akasikia. Waziri aliinua uso kutoka kwenye karatasi, akamtazama, na nikaona macho yake yanalengwalengwa na machozi ya furaha.

"Naona kuna mama pale ameguswa," alisema. "Kamera imwoneshe. Huyo ndiye mwananchi ninayemfanyia kazi."

Kamera ikamwonesha. Taifa zima likamwona. Kisha Waziri akaendelea na ukurasa wa thelathini na mbili.

Hotuba ilipoisha Tunu alikuwa amekufa, na mtoto naye hakutoka.

Kuzika ilikuwa tabu. Bafta ya sanda inauzwa ng'ambo, na mtumbwi ulikuwa umepakiwa kwenye lori la Wizara kwenda kwenye maonesho ya taifa. Wanawake walikaa na maiti hawana cha kumvika. Mama Tunu aliinuka, akaenda kwenye viti, akavua vitambaa vyeupe sita, vile vya safu ya mwisho, akakaa navyo chini akaviunga kwa sindano ya mkono. Afisa wa itifaki alitaka kumzuia, akaghairi. Baadaye niliandikiwa kwamba Wizara imesamehe vitambaa hivyo.

Siku arobaini zilipopita, Mama Tunu alikuja ofisini. Mikono yake ilikuwa mikavu. Nilimpa kiti changu.

"Nataka kusajili biashara," alisema.

Nilitoa fomu. Alikuwa na wazo la kuuza sanda zilizo tayari, upande wetu wa mto, zimeshakatwa na kushonwa, za wakubwa na za watoto wachanga, ili watu wasikae na maiti wao wakisubiri mto upungue. Alikuwa ameshauza nne. Masika yalikuwa mazuri kwa biashara hiyo.

Niruke mbele kidogo niseme kwamba fomu hiyo ilipata kibali siku hiyo hiyo ilipofika makao makuu, na Waziri mwenyewe aliandika pembeni kwa wino wa kijani kwamba hili ndilo wazo la mfano, kwa sababu haliigusi shida hata kidogo, linaishi nayo vizuri. Bi Siwema amealikwa kufundisha kwenye Mafunzo ya Kupata Wazo. Watu wanafumba macho, yeye anakaa mbele yao kimya.

Lakini siku ile tulikuwa wawili tu. Nilijaza majibu yake mpaka nikafika nilipokuwa napaogopa. Kalamu ikanigomea.

"Swali la saba, mama," nikasema. "Tunaweza kuliacha wazi. Nitalibeba mimi."

"Usiliache. Safari hii jibu ninalo." Alinyoosha kidole kwenye mstari. "Andika ya mtoni. Tarehe kumi na nne, mwezi wa nne."

"Uliisikiliza?"

"Yote, mwanangu. Kurasa arobaini."

Nikaandika. Katika fomu zote zilizomo kabatini mwangu, hiyo ndiyo pekee ambayo jibu la swali la saba ni la kweli. Niliona vibaya sana, na nalisema hapa kwa kuwa kwenye fomu halina nafasi yake.

Nilipogonga mhuri nilikosea mahali, wino ukafunika jina lote juu ya ukurasa. Ikabidi nichukue fomu nyingine tuanze upya. Kwa mazoea nikaanza kuandika Mama Tunu.

Akaniwekea kiganja juu ya karatasi.

"Andika Siwema tu," akasema.